Ruta Iliyofungiwa Ndani ya Chuma

Asubuhi katika nyumba hii haianzi na jogoo. Inaanza na nyundo.

Mwenye nyundo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Watu wanamwita Cheche, kwa sababu kutwa nzima cheche zinaruka mbele yake. Anatengeneza milango, madirisha na mageti. Karakana yake iko mbele ya nyumba, imegusana na sebule.

Nyuma ya sebule kuna chumba kidogo chenye dirisha kubwa. Humo anafanya kazi mke wake, Mama Pacha. Yeye ni fundi cherehani. Pacha wenyewe ni wasichana wakubwa, wako shule ya bweni. Nyumbani wamebaki watu watatu: Cheche, Mama Pacha, na Bibi, ambaye ndiye mama mzazi wa Cheche. Bibi ana miaka sabini na minne, simu moja, na maneno mengi.

Jumatatu hiyo Mama Pacha hakugusa chai.

"Kunywa, mwanangu," Bibi alisema. "Mtihani haufanywi kwa njaa."

"Leo ni majaribio tu, mama. Mtihani wenyewe ni Alhamisi."

"Tumbo lako halijui kalenda. Kunywa."

Mama Pacha alikuwa ameshona kwa miaka ishirini na miwili. Nusu ya mafundi wa mtaa ule walijifunza kwake. Lakini hakuwa na cheti. Sasa chuo cha ufundi kilimtaka awe mwalimu wa ushonaji, na kilimpa sharti moja: alete cheti kabla ya mwezi kwisha.

Mtihani ulikuwa kwa njia ya video. Kila fundi alitahiniwa akiwa kwenye cherehani yake mwenyewe. Angekata na kushona shati zima, mbele ya kamera, kwa saa tatu. Watahini wangetazama kutoka mbali. Na kulikuwa na sheria. Picha ikikatika mara tatu, mtihani unafutwa. Ukifutwa, ungoje mwaka mwingine. Na chuo kisingengoja mwaka.

Saa nne kamili Mama Pacha aliketi mbele ya kompyuta aliyoazimwa na chuo. Ilikuwa ya zamani, nzito kama tofali. Mtahini mkuu akatokea kwenye kioo. Alikuwa mwanamke mwenye miwani.

"Habari za asubuhi, mama. Tunakuona vizuri. Tuonyeshe cherehani yako."

Mama Pacha akaigeuza kompyuta. Picha ikasimama.

"Mama, umeganda," mtahini alisema.

"Sijaganda. Niko hapa."

"Mama? Unatusikia?"

"Nawasikia! Nimeinua mkono, huu hapa!"

"Mama, tunaona nusu ya uso na jicho moja. Na jicho lenyewe limefumba."

Ikarudi. Ikakatika. Ikarudi tena. Kwa nusu saa ilikatika mara tano. Mwisho mtahini akavua miwani.

"Nikuambie ukweli, mama. Kama leo ungekuwa mtihani, tungeshaufuta. Umebakiwa na siku mbili. Tafuta mtu akutengenezee mtandao wako."

Mama Pacha akafunga kompyuta. Aliweka mkono juu ya cherehani, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

Bibi alichungulia mlangoni. "Wamesemaje?"

"Wameona jicho moja, mama."

Cheche alikuja mbio kutoka karakana, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa juu ya kichwa. Alipoambiwa, alijua wa kulaumu.

"Ni hao wa kampuni ya intaneti. Nawapigia sasa hivi."

Akawapigia. Akafoka. Kijana wa upande wa pili alimsikiliza, akapima kitu kwenye mashine zake, kisha akajibu kwa upole: "Mzee, laini yako ni nzima mpaka kwenye ruta. Tatizo liko ndani ya nyumba."

"Ndani ya nyumba yangu hakuna tatizo!" Cheche akakata simu.

Tatizo lilikuwepo. Tena alikuwa amelijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Jumanne, kazi zilipopoa, Mama Pacha alivuka barabara kwenda kwa jirani. Jirani huyo ni mwanamke anayevuta nyaya za intaneti kwenye nguzo. Kila siku hupita na ngazi begani, basi watu wakamwita Ngazi. Alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Hakuingia hata ndani kwake. Alikuja na ngazi yake vilevile.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu," Bibi alisema. "Hiyo ngazi iache nje. Hapa hakuna anayekwenda mbinguni leo."

"Shikamoo, Bibi. Ruta iko wapi?"

Ruta ni kile kifaa kidogo chenye taa kinachopokea intaneti na kuigawa ndani ya nyumba. Cheche alimpeleka Ngazi karakana. Ukutani, nyuma ya milango minne ya chuma iliyoegemezwa ikisubiri rangi, palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli.

"Hiki nini?" Ngazi aliuliza.

"Nyumba ya ruta," Cheche alisema, kifua mbele. Mwaka uliopita aliibiwa mashine ya kukatia vyuma, na hajasahau. "Hilo ni bati la milimita mbili. Bawaba ziko ndani. Mwizi akiitaka ruta hii, kwanza aje aazime mashine yangu mpya."

Ngazi akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kaka Cheche! Mwizi umemzuia, sikatai. Lakini na intaneti umeifunga jela."

"Kivipi? Si nimetoboa matundu?"

"Umetoboa ya kupitishia waya. Bibi, una simu hapo? Nenda nayo chumba cha cherehani. Tazama zile alama za waifai juu, zile za mviringo. Ziko ngapi?"

Bibi akaenda. Sauti yake ikatoka nyuma ya nyumba: "Moja! Nayo inanikonyeza!"

Ngazi akamwambia Cheche afungue kufuli. Mlango wa sanduku ukafunguka.

"Sasa ngapi, Bibi?"

"Moja! Hapana, mbili! Imekua!"

Ngazi akaitoa ruta, akaenda nayo sebuleni kadiri waya wake ulivyofika, akaiinua juu kichwani.

"Sasa?"

"Tatu! Niacheni huku huku!"

Cheche alitazama sanduku lake. Alilipaka rangi mara mbili lile.

"Sikiliza," Ngazi alisema. "Waifai ni mawimbi. Huyaoni, lakini yanasafiri hewani. Ukuta unayapunguza. Chuma kinayarudisha yalikotoka. Wewe umeyafungia kwenye chuma, mbele yake ukapanga milango minne ya chuma, halafu kuna kuta mbili. Yaliyomfikia mkeo ni makombo."

"Sasa ruta ikae wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Isikae chini, wala nyuma ya kabati. Na msiifunike kitambaa, inapata joto."

Wakachagua rafu ya sebuleni, mkabala na mlango. Ngazi alirefusha waya wa ukutani, akaiweka ruta. Halafu alipotoka nje kuchukua ngazi, akasimama mbele ya mlango wa karakana. Pale mlangoni, kwa chaki, herufi kubwa kama za duka, paliandikwa neno la siri la waifai.

"Kaka Cheche, nani ameandika hapa?"

"Mimi. Wateja wakisubiri kazi zao wanachoka. Nikaona wajiburudishe."

"Neno la siri liko mlangoni kwa chaki. Siri gani hiyo?"

"Mimi nilimwambia," Bibi alisema. "Akasema sijui mambo ya kisasa."

"Wote hao wanaingia kwenye ruta moja," Ngazi alisema. "Mmoja anatazama mpira, mwingine anashusha filamu. Intaneti ni ile ile, wanagawana na mkeo. Tena mtu usiyemjua akiingia kwenye mtandao wako, anaweza kufanya uovu kwa jina lako. Neno libadilishwe leo. Liwe refu, na lisiwe jina la mtu wala namba ya simu."

Wakalibadilisha. Cheche akafuta mlango kwa kiganja, mkono ukawa mweupe.

"Basi tumemaliza," alisema.

"Bado. Twende tukajaribu."

Katika chumba cha cherehani, Mama Pacha aliwasha kompyuta, akampigia Ngazi simu ya video. Ngazi alisimama nje na simu yake. Picha ilikuwa nzuri kuliko jana. Lakini baada ya dakika kumi iliruka. Baada ya nyingine kumi ikasimama kidogo, ikaendelea. Mama Pacha akanyong'onyea tena.

"Usihuzunike," Ngazi alisema. "Kwa kuongea na watoto shuleni, hii inatosha sana. Kwa mtihani wako haitoshi. Wewe unataka kitu kisichotetereka kwa saa tatu. Unataka kebo."

Cheche akaguna. "Waya? Hayo ni mambo ya kizamani. Dunia yote imehamia hewani."

"Kaka, mashine yako ya kuchomelea ina nyaya ngapi?"

"Mbili. Moja ya kushikia fito ya kuchomelea, nyingine ya kubana kwenye chuma."

"Kwa nini usiurushe umeme hewani?"



"Mjibu mwenzio," Bibi alisema.

Ngazi akaketi kwenye kigoda cha wateja wa nguo. Akaeleza polepole, kwa sababu aliona Mama Pacha anataka kuelewa, siyo kutengenezewa tu.

"Intaneti inafika kwenu kwa waya. Ule mweusi mwembamba kutoka nguzoni, nilivuta mimi. Ndani yake kuna uzi wa kioo, na taarifa zinapita humo kama mwanga. Inatoka mbali sana, na njia yote ni ya waya. Hewani ni zile hatua za mwisho tu, kutoka kwenye ruta mpaka kwenye simu ya Bibi. Na ndipo mnapoipoteza. Waifai ni kama kumwita mtu sokoni. Ukuta unakuzuia, na wengine nao wanaita. Kebo ni kumnong'oneza sikioni. Hakuna wa kuingilia."

"Kwa hiyo waifai ni mbaya?" Mama Pacha aliuliza.

"Siyo mbaya. Bibi anatembea na simu yake. Utamfunga kebo kama mbuzi?"

"Athubutu," Bibi alisema.

"Basi anayetembea apewe waifai. Anayekaa mahali pamoja, na kazi yake haitaki kukatika, apewe kebo. Ruta moja inatoa vyote viwili kwa wakati mmoja."

"Na intaneti ya simu? Ile ya bando?"

"Hiyo nayo ni ya hewani, ila mawimbi yake yanatoka kwenye mnara, siyo kwenye ruta yenu. Mnara unagawana na mtaa mzima, na chini ya bati mawimbi hupungua. Lakini iweke tayari iwe akiba. Kama waya wa nguzoni utakatika siku hiyo, utahamia kwenye simu."

Cheche alikuwa ameshapotea. Akarudi na furushi la waya wa umeme mkononi.

"Waya ninao. Mita arobaini."

"Huo siyo," Ngazi alisema. Alitoa kipande cha kebo mfukoni, akakichuna kwa kisu. Ndani zilitoka nyaya nane nyembamba za rangi rangi, zimesokotwa mbili mbili. "Kebo ya intaneti iko hivi. Na kichwa chake ni hiki cha plastiki, kama cha simu za zamani za mezani, ila kipana. Ninayo nyumbani, nitawakatia. Pima urefu."

Hapo Cheche akapata kazi anayoijua. Alichukua tepu, akapima kutoka kwenye rafu, kufuata ukuta juu, kupita juu ya mlango, mpaka mezani kwa mkewe.

"Mita kumi na tatu na robo."

"Nakata kumi na tano. Usiivute ikakaza. Ndani ya nyumba huna wasiwasi na urefu, kebo hii inakwenda mpaka mita mia."

Cheche akatoboa tundu moja ukutani, safi, bila kuvunja lipu. Alitaka kuikunja kebo kwenye kona kama anavyokunja nondo. Ngazi akampiga kofi mkononi.

"Taratibu! Ndani mna nyaya nyembamba. Zungusha kona kwa upole. Na usiifunge pamoja na waya wa umeme. Wala usiilaze sakafuni."

"Ukiilaza sakafuni mimi nitaanguka," Bibi alisema, "halafu mtihani utakuwa wa kunizika."

Ikapita juu, ikashikwa kwa vibanio. Ngazi akachomeka kichwa kimoja kwenye ruta. Akampa Mama Pacha kingine. "Chomeka mwenyewe. Usikie mlio."

Kache! Pembeni ya tundu la kompyuta taa ndogo ya kijani ikawaka, ikaanza kupepesa.

"Inapepesa," Mama Pacha alisema kwa hofu.

"Ikipepesa inafanya kazi. Sasa zima waifai kwenye kompyuta, ili ijue njia yake ni moja."

Jumatano asubuhi Ngazi alimpigia Mama Pacha akiwa kazini, ameketi chini ya nguzo na chupa ya maji. Walikaa kwenye video. Picha ilitulia kama ya ukutani. Dakika kumi. Ishirini. Arobaini. Mama Pacha akaanza kukata kitambaa kwa mazoezi, hata akaimba kidogo.

Ghafla kila kitu kikazima.

Taa ya kijani haipo. Ruta imezimika, inajiwasha upya. Na kutoka karakana ulisikika mlio wa kuchomelea: zzzzz.

"CHECHE!"

Mama Pacha humwita mumewe Baba Pacha. Akimwita Cheche, kuna jambo.

Alipopigiwa simu ya kawaida akaelezwa, Ngazi alicheka. "Mashine yake ikianza, umeme wa nyumba unashuka ghafla. Ruta ni ndogo, haivumilii. Hapo waya hausaidii kitu. Dawa ni moja."

Cheche alisimama mlangoni, kinyago mkononi. Mteja wa geti alikuwa aje kulichukua Alhamisi mchana. Alimtazama mkewe. Hakuhitaji kuambiwa.

"Kesho sichomelei," alisema. "Geti halina mtihani. Litachukuliwa Jumamosi."

Alhamisi ikafika. Karakana ilikuwa kimya hata majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Cheche alikaa kwenye kigoda nje ya karakana, mikono mapajani, akiwanyamazisha wapita njia. Bibi alijipa kazi ya kulinda ruta. Aliketi chini ya rafu, shingo juu, kama mtu anayesubiri embe lidondoke.

Mama Pacha alikata. Alikata mbele, nyuma, mikono. Akapiga pasi. Akashona mabega. Watahini watatu walimtazama. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ilipofika nusu, alipokuwa akishona kola, sindano ikavunjika. Kach!

Zamani angepiga kelele. Siku hiyo alisimama. Akazima cherehani, akatafuta vipande viwili vya sindano, akaviinua mbele ya kamera ili waone hakuna kilichobaki kwenye nguo. Akafunga sindano mpya, akajaribu kwenye kipande cha kitambaa, akaendelea. Mtahini mwenye miwani akaandika kitu.

Saa saba kamili shati lilikuwa limening'inia kwenye kiango cha nguo.

"Sogeza kola karibu na kamera, mama," mtahini alisema. "Karibu zaidi. Hapo. Mishono yako naihesabu nikiwa huku. Tupe dakika kumi tushauriane."

Wakainuka, wakatoka. Kwenye kioo vikabaki viti vitatu vitupu.

Cheche aliingia kwa kunyata. Akatazama kioo. Akashika kichwa.

"Mama yangu! Imeganda!"

"Haijaganda," Mama Pacha alisema. "Ni viti. Ulitaka vitembee?"

Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko saa tatu. Bibi aliita kutoka sebuleni kuwa taa bado inapepesa. Baada ya muda akaita tena kuwa bado inapepesa. Cheche alimwomba aache kutangaza.

Watahini wakarudi, wakaketi.

"Mama," mwenye miwani alisema, "picha yako haijakatika hata mara moja. Hilo ni la kwanza. La pili, nimetahini mafundi miaka kumi na mmoja. Wengi sindano ikivunjika hutupa vipande chini, wakaendelea. Wewe uliviokota vyote. Fundi wa hivyo ndiye anayefaa kufundisha watoto wa watu. Umefaulu. Cheti kinatumwa leo, na chuo kinakusubiri Jumatatu."

Mama Pacha alisema asante. Alizima kamera. Kisha akatoa pumzi ndefu, ile aliyoishika tangu Jumatatu, akaweka kichwa mezani juu ya mabaki ya kitambaa.

Bibi aliingia. "Mbona analia tena?"

Cheche akainama, akasikiliza. "Halii. Amelala."

Wakatoka wote wawili, wakaurudisha mlango taratibu. Cheche akaenda karakana. Geti la mteja lilikuwa palepale, limebakiwa na bawaba mbili za kuchomelea. Aliliangalia. Akaangalia mashine. Akaangalia mlango wa chumba cha cherehani.

Akachukua kopo na brashi, akaanza kuipaka rangi ile milango minne, kimya kimya.